Kitaa cha Kumi na Mbili

Jua lilikuwa linazama Mama Tone alipoingia duka la vifaa vya umeme, akaegemea meza ya kioo, akasahau hata salamu.

"Nipe tepu nyeusi. Ile nene ya mafundi."

Muuza duka akayatazama macho yake yaliyoiva kama ya mtu aliyeshinda akikata vitunguu. "Tepu? Mumeo si anazo lundo zima?"

"Amezificha."

Basi yule bwana akacheka. Na acheke, maana hajawahi kulala kwenye nyumba ile.

Mume wa Mama Tone alikuwa fundi wa vyombo vya umeme. Redio, runinga, feni, ving'amuzi, chochote chenye waya alikifufua. Lakini alikuwa na utaratibu wake mmoja, na mtu asimguse hapo. Chombo hakirudi kwa mwenyewe mpaka kiwashwe na kulazwa macho usiku kucha sebuleni kwake. Kikifika asubuhi hakijazima, kimepona. Sifa zake mtaa mzima zilitokana na utaratibu huo, na mateso ya mkewe vilevile.

Kwa sababu kila chombo, jamani, kina kitaa, kile kijitaa cha kuonyesha kina umeme! Hiki cha bluu, kikali, utadhani gari la polisi limeegeshwa kando ya kabati. Hiki cha kijani. Hiki chekundu cha runinga iliyokwisha pona, imezimwa, inasubiri mwenyewe. Imezimwa! Sasa inawaka nini? Na kimoja kinakonyeza, kinakonyeza, mpaka unatamani kukipiga kofi. Kati ya sebule na chumba hapakuwa na mlango, ni pazia tu, na vitaa vilipenya pazia vikacheza ukutani juu ya kitanda. Mama Tone alikuwa mshonaji. Alikuwa na sare za shule nzima za kumaliza, na mchana ule sindano ya cherehani ilikuwa imemtoboa kidole kwa usingizi. Ajabu, binti yao Tone, wa miaka sita, alilala hapohapo sebuleni kwenye godoro lake, katikati ya vitaa vyote, fofofo.

"Leo navifumba macho vyote," alimwambia muuza duka.

Yule bwana hakucheka tena. Alimpa tepu, akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. "Ziba mchana basi. Uone unachobandika."

"Mchana vitaonekanaje? Si mpaka giza liingie!"

Hapo, ukweli usemwe, alikuwa na haki.

Usiku Fundi alipoanza kukoroma, Mama Tone akainuka na mkasi wake. Akazima taa ya sebule. Vitaa vikajitokeza kimoja kimoja gizani, vikamkodolea. "Haya, njooni tuonane," akanong'ona. Alikata vipande vya tepu akavining'iniza mkononi kama afanyavyo na nyuzi, akaanza. Bluu, kwisha. Kijani, kwisha. Kile kinachokonyeza alikibandika vipande viwili, kwa hasira. Giza likawa linanenepa na yeye anafurahi, we acha tu.

Kilibaki kimoja. Kilikuwa chini, pembeni, karibu na kichwa cha Tone, kati ya feni na ukuta. Cha njano. Hakikonyezi, hakipepesi. Kimetulia tu.

Alipoinama alisikia harufu... kama nguo zilizosahauliwa ndoo moja siku tatu.

Akabandika tepu. Akaikandamiza kwa dole gumba.

Palikuwa na uvuguvugu. Palikuwa laini.

Na chini ya dole gumba, kitu kikapepesa.

Akautoa mkono haraka, akabaki amechuchumaa. Kisha akajicheka. Plastiki za siku hizi, zikipata moto kidogo tu zinalegea! Akarudi kitandani, na giza lilikuwa zito, zuri, la kulalia. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuzama usingizini Fundi alipogeuka.

"Mbona giza hivi? Umefanya nini?"

"Nimeziba vitaa vyako. Vyote kumi na viwili. Gomba kesho."

Fundi akainuka kwa kiwiko.

"Mama Tone."

"Nini tena?"

"Nilileta vyombo kumi na kimoja."

Angemjibu, angemwambia hajui hata kuhesabu. Lakini sebuleni kitu kilikuwa kinasugua ukuta. Ssss... Kinasimama. Ssss... Kiganja. Kiganja kikubwa, kikavu, kinapapasa ukuta kama mtu anayetafuta njia. Feni ikaanguka. Kisha wakasikia sauti ya Tone, ndogo, ya upole, ile anayoitumia kwa vifaranga.

"Siyo huko. Huku. Taratibu."

Mama Tone hakumbuki alivyofika kwenye swichi. Alijikuta ameibonyeza tu, na taa ikawaka.

Tone alikuwa amesimama kwenye mlango wa nje na gauni lake la kulalia. Komeo alikuwa ameshalifungua. Mkono mmoja umeushika mlango, mwingine ameunyoosha juu, vidole vimekunjwa, kama mtoto anayeshikwa mkono na mtu mzima.

Hapakuwa na mtu.

Palikuwa na kipande cha tepu nyeusi, kimebandikwa hewani kando yake, juu kidogo ya kimo cha Fundi.

"Mama, haoni njia," Tone akasema. "Kuna mtu amemziba jicho. Namtoa nje, namsindikiza mpaka kwao."

Na akaingiza mguu mmoja gizani.

Hofu aliyoisikia Mama Tone haikuwa ya kile kitu. Ilikuwa ya ule mguu mdogo uliokwisha vuka kizingiti. Akaruka. Akapanda juu ya kigoda, akaunyoosha mkono, akaidaka tepu, akavuta kwa nguvu zake zote.

Ikabanduka na kitu kikanguruma, chini sana, kwa maumivu.

Cha njano kikafunguka. Karibu kabisa na uso wake. Kikamtazama yeye, kikamtazama Fundi aliyekuwa ameganda kwenye pazia, kisha kikateremka taratibu, kikamtazama Tone. Hapo kikakaa muda mrefu. Halafu mkono wa mtoto ukaanguka ubavuni, na mlango ukajifunga wenyewe, kwa adabu, bila kishindo.

Kwenye tepu zilikuwa zimenasa kope. Ndefu, nyeupe.

Asubuhi Fundi alihamisha vyombo vyote, hakubakisha hata redio. Mama Tone alikwenda kwa muuza duka, akaiweka ile tepu juu ya meza ya kioo. Yule bwana hakuigusa.

"Wapo wanaopita tu," akasema kwa sauti ya chini. "Kila nyumba. Wanachungulia, wanakwenda zao. Vitaa vikiwa vingi hata huwatambui. Sasa wewe mtu anapita, unamziba..."

"Lakini amekwenda. Nimemwona akienda."

"Alimtazama nani mwisho?"

Mama Tone akageuka kutazama njia ya nyumbani. Muuza duka akamgeukia mteja mwingine.

Usiku ule Tone alilazwa kitandani kwa wazazi, upande wa ukutani. Fundi aliketi sebuleni na tochi, taa zote zinawaka. Mama Tone alimkumbatia mwanawe, akahesabu pumzi zake. Alidhani amelala.

"Mama," Tone akanong'ona. "Mkono wangu huu usiufunike."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Jana mimi ndiye niliyemshika mkono. Amesema leo zamu yake."

Mama Tone hakupiga kelele. Alichana kipande cha kitambaa cha sare, akaufunga mkono wa kushoto wa mtoto kwenye mkono wake mwenyewe, fundo juu ya fundo, mafundo ya mshonaji ambayo huyafungui bila mkasi. Akamwita Fundi. Akamwita tena, na pazia halikusogea.

Ule mkono mwingine wa Tone, wa upande wa ukutani, ukaanza kuinuka wenyewe, taratibu, vidole vimekunjwa. Mtoto alikuwa anatabasamu.

Kisha kitambaa kikakazika, na Mama Tone akahisi naye anavutwa kuelekea ukutani.