Mabiringanya ya Krismasi

Likizo ya Desemba, watoto wengine walilala mpaka jua liwachome. Mbithe hakuwa wa kulala hivyo. Alfajiri alishuka mtoni kuchota maji, akarudi na debe mgongoni, kisha akapita nyuma ya jiko kuyaangalia mabiringanya yake.

Mbegu alipewa na Sista Agnese, mtawa Mwitaliano aliyefundisha wasichana mapishi katika misheni iliyo karibu na Kathonzweni. Chakula alichowafundisha kupika kwa mabiringanya hakikuwa na makuu. Unakata mabiringanya, unayakaanga, unatia vitunguu, nyanya na siki kidogo, halafu unaacha yapoe. Kwao Italia, alisema Sista, chakula hicho huwekwa kando ya nyama siku za sikukuu. Mbithe alipoonja na kuona kilivyo laini, alimkumbuka Susu, nyanya yake mzaa baba. Susu hakuwa na hata jino moja. Kila Krismasi watu walipotafuna mbuzi, yeye alifyonza mfupa na kucheka ili asionewe huruma. Mbithe aliapa kwamba mwaka huu Susu atashiba kama wengine.

Lakini wadudu nao walikuwa na sikukuu yao. Krismasi ilipokaribia, majani yalijaa matundu. Baba yake, Kivuva, alikuwa ametoka kupulizia pamba dawa, na kidogo ilibaki ndani ya pampu. Aliwakataza watoto wasiiguse kabisa. Mbithe aliigusa. Aliyapulizia mabiringanya yote, wadudu wakaanguka chini, naye akafurahi. Kumbe ilikuwa furaha ya bure.

Sista alisisitiza kwamba mboga zioshwe kwa maji mengi, jambo rahisi kulisema mahali penye maji ya mfereji. Siku ya Krismasi wageni walijaa nyumbani, na mama alionya kwamba maji ni ya chai na ya kunawa tu. Basi Mbithe akayapangusa mabiringanya kwa kitambaa mpaka yakang'aa, akapika.

Nyama ilikuwa bado motoni, kwa hiyo Susu alipakuliwa kwanza. Alimaliza bakuli lote, akamtemea mjukuu wake mate kifuani kumbariki. Haukupita muda akaanza kutokwa na jasho. Mate yalimtiririka, mikono ikatetemeka, akatapika, kisha akashindwa kuinua kichwa.

Shangazi alisema wazi kwamba mama yake amerogwa, na aliyemroga ni mke wa Mutie, jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Wanaume wawili wakainuka kwenda kumwita mganga ng'ambo ya mto. Mbithe alisimama mlangoni. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini Susu atakufa, na mama wa watu atabebeshwa mzigo usio wake.

"Baba, si uchawi," alisema. "Ni mimi. Nilipulizia mabiringanya dawa ya pamba."

Kivuva hakumpiga. Alimbeba mama yake hadi kwenye pikapu ya Salim, mwenye duka, akamwamuru Mbithe apande na chupa ya dawa mkononi. Huku nyuma mama alikimwaga chakula kilichobaki shimoni, akakifukia.

Zahanatini, daktari Nzomo aliisoma ile chupa na kuanza kumdunga Susu sindano, moja baada ya nyingine. Mbithe alikaa sakafuni akilia. Kesho yake Susu alifumbua macho, akauliza kwa sauti ndogo kama wageni walikula.

Nzomo alimwita Mbithe kando ya kitanda.

"Sumu haijui kwamba ulimpenda," alimwambia. "Dawa ya shamba ni ya shamba. Hata ungeiosha mboga hiyo kwa maji ya mto mzima, isingefaa kuliwa. Hilo ni kosa kubwa, na nyanya yako amelilipia. Lakini ulisema mapema. Ungenyamaza mpaka jioni, leo baba yako angekuwa anachimba kaburi. Ukikosa, sema. Aibu haiui."

Mbithe aliitikia kwa kichwa. Muuguzi alileta uji. Susu alikishika kijiko, lakini mkono ulitetemeka na uji ukamwagika kifuani, mara ya kwanza na ya pili. Mbithe alikichukua kile kijiko taratibu, akaanza kumlisha. Alimlisha hivyo hivyo miaka yote iliyombakia Susu.