Kura ya Orville Haugen

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa binadamu na kwa ng'ombe wa maziwa ambao ndio wengi zaidi: kiti cha Kaunti ya Tamarack katika bunge la jimbo la Wisconsin, kilichokaliwa na chama kimoja tangu enzi za babu zetu, jana kilihamia chama cha pili kwa uchaguzi mdogo. Historia imeandikwa!

Ndivyo redio ilivyokuwa ikinguruma Jumatano asubuhi ndani ya lori la kusukuma theluji. Dereva wake, Duane, alinyoosha mkono ili aizime, na hapo ndipo alipoona kiatu mtaroni.

Kilikuwa kiatu cheusi cha kanisani, kimepigwa rangi vizuri. Ndani yake mlikuwa na mguu wa Mzee Orville Haugen.

Luteni Verna Jelinek wa ofisi ya sherifu alifika akiwa bado anatafuna mkate. Alipoona ni nani, aliutema. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha kukamua ng'ombe alipokuwa binti mdogo, na ndiye aliyemcheka siku ng'ombe alipompiga teke.

Maiti ililala ubavu, mikono imefichwa kwapani. Kwenye ukosi wa koti palibandikwa karatasi ndogo ya duara: "Nimepiga Kura."

"Baridi tu," alisema daktari wa uchunguzi. "Hana jeraha, wala hakuna alama za mapambano. Alikufa jana, giza likiingia."

Verna alipekua mifuko. Alitoa leso, funguo, na vipande viwili vya keki ya tufaha, kila kimoja kimefungwa peke yake kwa karatasi laini.

"Fimbo yake iko wapi?" aliuliza.

Duane alitazama huku na huku. "Bila fimbo yule mzee hafiki hata chooni, Luteni."

"Ndiyo maana nauliza."

Walifukua theluji pande zote mbili za barabara. Hapakuwa na fimbo. Ng'ambo ya shamba nyumba ya marehemu ilionekana vizuri, taa ya jikoni inawaka.

"Kumbe aliiwasha kabla hajatoka," alisema Verna.

"Ile? Haizimwi ile. Tangu mkewe Irene afe, kila alfajiri nikipita naikuta inawaka."

Kumjua aliyempeleka mzee kupiga kura hakukuhitaji akili nyingi. Ndugu wawili wa ukoo wa Haugen walikuwa wakienda kupiga kura pamoja katika pikapu moja tangu wapate umri wa kupiga kura. Na safari hii aliyegombea kiti kwa chama kile cha zamani, dhidi ya muuguzi wa chama cha pili, alikuwa Dawn, binti wa Lyle, mdogo wake Orville.

Lyle alikuwa zizini. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimeshasikia," alisema. "Duane kapiga simu kijiji kizima."

"Pole sana, Mzee Lyle. Ulimwacha wapi kaka yako?"

"Kwake."

"Wapi hasa?"

"Mlangoni, mwanangu. Ulitaka nimpeleke mpaka kitandani?"

"Alikuwa sawa?"

"Alikuwa Orville. Labda alitoka tena kufuata kuni. Kichwa kigumu kile."

Verna aliandika maelezo hayo akaondoka. Alitamani sana yawe kweli, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko uongo wowote.

Katika ukumbi wa mji, mlangoni pa chumba cha kura, Bi Ardis wa umoja wa akina mama wa kanisa alikuwa anakunja meza ya keki. Uchaguzi usio na meza ile watu wa Tamarack wasingeuhesabu kuwa halali.

"Orville alinunua vipande viwili," alisema Bi Ardis. "Cha tufaha chake, na cha tufaha cha dereva. Nikamtania, nikamwambia, 'Mwaka huu mpe Lyle sinia zima, ni baba wa mheshimiwa!' Hakucheka. Sijawahi kumwona Orville asicheke."

"Cha dereva," alirudia Verna.

"Sasa angemlipa nini, hela ya petroli? Lyle angemzaba kofi. Unashuka kwako, unampa dereva keki yake, unasema asante. Wewe umezaliwa wapi, binti?"

Alizaliwa hapahapa. Hajawahi, maishani mwake, kuona mtu akishuka mlangoni kwake bila kutoa keki ile. Na keki ya Lyle ilikutwa mfukoni mwa maiti.

Kwa hiyo Orville hakushukia mlangoni kwake.

Alirudi zizini na askari mmoja na hati ya upekuzi. Haikuchukua muda. Fimbo ilikuwa kwenye pikapu, imeteleza kati ya kiti na mlango.

"Mzee Lyle, una haki ya kunyamaza, na unaweza kumwita wakili..."

"Wakili wa nini?" Lyle alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Niliiona fimbo leo asubuhi. Sikuweza kuigusa."

"Niambie."

"Nilimuuliza kwa utani tu. Nikasema, 'Haya, kaka, umempa mtoto wetu?'"

"Huku watu hawaulizani kura."

"Ni Dawn, Verna! Mtoto tuliyemlea wote! Ningejuaje kama hilo ni swali?" Alifuta pua kwa kiganja. "Akasema, 'Nimempa yule muuguzi. Kwa ajili ya Irene.'"

Verna hakuhitaji kuelezwa zaidi. Chama cha akina Haugen ndicho kilichopiga kura bungeni kufunga makao ya wazee ya Tamarack. Irene alihamishiwa mji wa mbali, akafa huko kati ya wageni, wiki ambayo barabara zilifungwa kwa theluji na Orville akashindwa kufika. Kwenye kampeni Dawn aliulizwa kama atayafungua tena. Alijibu kwa maneno mengi ambayo ndani yake hamkuwa na ndiyo.

"Nikafunga breki," alisema Lyle. "Nikamwambia, 'Kama huwezi kumpigia damu yako, usipande gari langu. Shuka.' Nilidhani ataniomba radhi."

"Akashuka."

"Akashuka. Na mlango akaufunga taratibu, kwa kuwa anajua bawaba yake mbovu."

"Halafu?"

"Nilifika konani, hasira zikaniisha, nikageuza. Theluji ilikuwa inapeperushwa na upepo, simwoni. Nikaita, nikapiga honi. Kisha nikaiona taa ya jikoni. Nikasema, kafika huyo, kaninunia, atapiga simu kesho. Nikaenda kwenye sherehe ya Dawn ya kungoja matokeo."

"Taa ile haizimwi, Mzee Lyle. Tangu Irene afe."

Lyle alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ngeni. "Sikujua," alisema. "Naendaga kwake mchana tu, naingiliaga mlango wa nyuma. Sikujua."

Ng'ombe mmoja alikohoa.

"Dawn alishindwa kwa kura kumi na moja," alisema Verna. "Ya Orville isingemwokoa."

"Usiniambie hivyo."

Mlango wa zizi ulifunguka. Dawn aliingia, koti juu ya nguo za kulalia, uso umevimba. Alimtazama askari, kisha fimbo iliyokuwa ndani ya mfuko wa vielelezo, kisha baba yake.

"Baba. Umefanya nini?"

Lyle alimweleza. Maneno yalikuwa machache, na kila moja lilimchukua muda. Dawn alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni.

"Baba mkubwa alikuja kwangu Jumapili," alisema. "Akavua kofia mlangoni kama mgeni. Akaniomba ruhusa asinipigie kura. Nikamkumbatia, nikamwambia apige anavyotaka."

Lyle aliinua kichwa polepole.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba ninyamaze," alisema Dawn. "Alisema utakasirika, basi ni bora akwambie yeye mwenyewe, mkiwa garini, wawili tu."