Picha ya Ishirini

Ti.

Tone la maji lilianguka kutoka bombani, likagonga kitako cha ndoo. Kimya kidogo, kisha jingine. Ti. Ndani ya bafu hakukuonekana kitu, hata kiganja mbele ya pua. Dirisha lilizibwa kwa blanketi, na upenyo wa chini ya mlango ulijazwa kanga mbili zilizoviringishwa. Nje ilikuwa saa nane mchana, na jua la Morogoro lilikuwa likiwaka juu ya mapaa yaliyokunywa mwanga wake na kuugeuza umeme.

"Mia mbili na tatu," Siwema alihesabu polepole. "Mia mbili na nne."

"Mama, umeruka moja," ilisema sauti ndogo karibu na kiuno chake.

"Sijaruka."

"Umeruka. Pale ulipopiga chafya."

Siwema alicheka, akaendelea kuupandisha na kuushusha mkanda wa filamu ndani ya bakuli la dawa. Ulikuwa mkanda wa mteja. Kusafisha filamu kulitaka giza tupu, na saa zote za zama hizi zina mwanga. Ndiyo maana hakutaka bomba litengenezwe. Lilidondosha tone moja kila sekunde, na halikuwa na taa.

"Mama Chiku," iliita Nyumba kutoka kwenye dari. Nyumba ilikuwa akili unde iliyoishi ndani ya kuta, ikipika uji, ikifunga milango, ikikumbusha kila kitu. "Bomba la bafuni linavuja. Nakukumbusha kwa mara ya mia nne na kumi na mbili. Nimwite fundi?"

"Fundi ni mimi. Na usithubutu kuwasha taa."

"Sawa. Nitakukumbusha kesho."

Siwema alikuwa fundi kweli, ila wa kamera. Kazi hiyo alijifunza katika masomo ya jioni, Chiku akiwa amelala mgongoni, wakati wengi waliamini kamera za filamu zimeshakufa. Kwa miaka ishirini na tano kila lenzi jijini ilikuwa imeunganishwa na Mnyooshaji, akili unde kubwa iliyopitia kila picha kabla mtu hajaiona. Mnyooshaji alifuta chunusi, akafumbua macho yaliyofumba, akaweka kola sawa. Picha za zamani nazo, zilipohamishiwa kwenye ghala la jiji, zilipitishwa kwake. Watu walifurahi sana. Halafu wakaanza kuhisi wamepungukiwa. Bibi harusi mmoja hakumtambua shangazi yake mwenyewe. Majirani waliogombea mpaka walitoa picha, wakakuta uzio umenyooka ambao shambani haukuwepo.

Hapo ndipo kamera za filamu, zilizokaa miaka juu ya makabati kama mapambo au zikichezewa na watoto, zikaanza kutafutwa. Hazikuwa na akili. Zilikuwa boksi, kioo na springi. Ziliona kilichokuwepo, basi. Kamera iliyouzwa kwa bei ya kuku ikafika bei ya mbuzi, kisha ya ng'ombe.

Siku hiyo ya Jumanne, mkanda wa mteja ulipokuwa ukikauka kwenye kamba, dalali wa kamera alipiga hodi.

"Mama Chiku! Leo ndiyo leo!"

"Karibu, Baba Mbegu. Vua viatu, nimetoka kupiga deki."

"Mguu wangu wenyewe msafi kuliko deki yako." Alivua hata hivyo, akafungua mkoba na kumtoa Mthamini, roboti mwenye ukubwa wa kobe na miguu minane laini. Akamweka mezani mbele ya kamera ambayo Siwema aliachiwa na marehemu baba yake na hakuwahi kuifungua.

Mthamini aliipanda kamera, akaikumbatia kama mtoto anavyokumbatia mto, akaanza kunguruma. Alipima kwa mawimbi ya sauti, maana mwanga ungeunguza kilichokuwa ndani.

"Springi nzima," alisema. "Lenzi haina kuvu. Ngozi imechubuka upande wa kushoto. Ndani kuna filamu isiyosafishwa. Picha kumi na tisa zimepigwa. Nafasi kumi na saba ziko wazi. Kamera hii ikiwa tupu ni kodi ya chumba kwa mwezi mmoja na nusu. Ikiwa na filamu yake bila kuguswa, kodi ya miaka miwili."

Baba Mbegu alipiga paja. "Unasikia? Hilo ni duka lako pale Soko la Vitu vya Kale, mlango unatazama barabara!"

"Kwa filamu ambayo mnunuzi hajui ina nini?"

"Ndiyo utamu wenyewe. Tajiri anaiweka kabatini, anaita wageni, wanakaa kubahatisha kuna nini ndani."

"Na hawafungui?"

"Wafungue wakute ukungu mtupu? Ikishafunguliwa ni kamera kama zingine. Mnunuzi anakuja kesho saa nne. Usiiguse. Hata vumbi, liache hapo hapo, ni la thamani."

Alipoondoka, Siwema alikaa akiutazama mlango wake wa duka, uliokuwa bado hewani tu. Tangu Chiku azaliwe alikuwa akitengeneza kamera kwenye meza ya kulia chakula. Baba yake Chiku, aliyekuwa zamu kwenye mashamba ya jua kule Singida, alikuwa ameshamchorea hata kibao cha jina.

"Mama, na hii nayo inaondoa kidole?"

Chiku, mwenye miaka saba, alizaliwa na vidole sita katika mkono wa kushoto. Cha sita kilikaa kando ya kidole cha mwisho, kifupi, chenye kucha na mfupa wake, na kilijikunja kama wenzake. Daktari alisema hakina ubaya wowote. Lakini Mnyooshaji alifundishwa kwamba mkono una vidole vitano, na katika kila picha ya Chiku alikifuta. Lango la shule, lililosoma viganja vya kushoto, lilipata mafunzo hayo hayo. Kila asubuhi Chiku alipoweka mkono, lilimwambia kwa upole, "Tafadhali, mtoto mmoja baada ya mwingine."

"Pita wewe na mwenzako!" watoto wa nyuma yake walipiga kelele.

Ni Chiku mwenyewe aliyeomba kikatwe. "Kwenye picha niko sawa," alisema. "Nataka niwe kama picha." Hospitali iliwapangia siku ya Alhamisi.

"Hii haiwezi kuondoa," Siwema alimjibu sasa. "Haijui kuhesabu."

"Basi nipige."

"Filamu za wateja si zetu, mwanangu. Na mpya tukiagiza leo, inafika baada ya miezi mitatu."

"Alhamisi ni keshokutwa," Chiku alisema. Akaurudisha mkono wa kushoto chini ya gauni, mahali alipozoea kuuficha siku hizi.

Siwema aliona gauni lilivyotuna pale. Alijua kwamba kidole kikikatwa, hakuna picha yoyote duniani itakayosema kiliwahi kuwepo. Akaichukua kamera ya baba yake, akapuliza vumbi la thamani.

"Simama dirishani. Nyanyua mkono."

"Yule baba amesema tusiiguse."

"Amesema."

"Atanuna."

"Atanuna, kisha atataka chai. Haya, tanua vidole. Vyote."

Kachaki. Namba ndogo juu ya kamera ikasogea kutoka kumi na tisa hadi ishirini.

Walirudi bafuni. Gizani Siwema alikikata kipande kilichopigwa, akakiacha kilichobaki ndani ya kamera. Safari hii Chiku ndiye aliyehesabu matone, bila kuruka hata moja, na Nyumba ilipotaka kusema juu ya bomba wote wawili wakaiambia "Shh!" Walipotoka, Siwema aliuning'iniza mkanda dirishani ukiwa bado unachuruzika. Nusu ya picha za zamani zilikuwa ukungu. Ya mwisho ilikuwa safi. Kwa kuwa filamu hugeuza cheusi kuwa cheupe, mkono wa Chiku uling'aa juu ya anga nyeusi.

"Mbona nimekuwa mzungu?"

"Ikichapwa utarudi. Hesabu."

Chiku alihesabu kwa kugusa kioo. "Moja, mbili, tatu, nne, tano." Akasogeza kidole. "Sita. Imekiacha!"

Siwema alisogea karibu. Jicho lake lilikuwa limepanda juu ya mkanda, kwenye picha ya saba. Mwanamke aliyekaa kwenye kigoda alikuwa amemlaza mtoto mchanga begani, na mkono wake wa kushoto umetandazwa mgongoni mwa mtoto. Mtoto huyo alikuwa Siwema. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi minane. Baba hakuwa msemaji wa mambo ya marehemu, naye alizikwa Chiku akiwa bado tumboni; upande wa mama hakubaki mtu wa kuuliza. Siwema alihesabu vidole vile kwa ncha ya ukucha. Akarudia.

"Nyumba," aliita, "nionyeshe picha za mama."

Ukutani zikatokea zote kumi na moja, zile alizozitazama tangu utotoni. Katika kila moja, vidole vitano.

"Hizi zimepita kwa Mnyooshaji?"

"Ndiyo. Marekebisho matatu katika kila picha: mwanga, kola, mkono wa kushoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, Mama Chiku."

"Na zile za mwanzo ziko wapi?"

"Za mwanzo hazikuhifadhiwa."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa amempenda mwanamke aliyepunguzwa. Machozi yalimtoka, lakini alijikuta anatabasamu, maana pale dirishani mama yake alikuwa mzima, kakamilika, na maji yakimdondoka. Alimwinua Chiku hadi usawa wa picha ya saba.

"Huyu ni bibi yako. Na huyu begani ni mimi."

Chiku alitazama kwa muda mrefu. Akaulaza mkono wake wa kushoto kwenye kioo, kando ya ule mdogo uliong'aa, akalinganisha kidole kwa kidole mpaka cha mwisho.

Jioni Siwema alimpigia simu Baba Mbegu. Dalali aling'aka, akaita watakatifu wote, akasema duka limeenda na maji. Kisha akapoa, akauliza, "Kwani kulikuwa na nini humo?" Alipoambiwa, alisema kesho atapita hata hivyo, ila chai iwe na tangawizi. Siwema alifuta meza ya kulia chakula, akapanga bisibisi zake upya kuanzia ndogo hadi kubwa. Kamera ya baba yake aliirudisha mahali pake. Zilibaki nafasi kumi na sita, alifikiri, za kutosha kumpiga Chiku mpaka awe mkubwa.

Chiku alikuwa bafuni akinawa, mikono yote miwili chini ya lile bomba bovu.

"Mama," aliita, "Alhamisi mimi naenda shule."