Vinundu Kwenye Mizizi ya Maharage

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rogathe aliteremka shambani kutazama mahindi. Tangu baba yake azikwe, kisha mama yake, Hedwiga, akalazwa hospitalini Same, shamba lile la Myamba lilikuwa mikononi mwake. Nyumbani walibaki yeye, mdogo wake Asheri na bibi yao ambaye macho yake hayakuona tena.

Mwaka huo serikali ilikuwa imeacha kuchangia bei ya mbolea, na wengi kijijini walipanda bila kuweka hata konzi moja. Mahindi yalidumaa, yakawa ya njano. Katikati yake maharage yalikuwa ya kijani, ndiyo kwanza yanatoa maua.

"Haya ndiyo yanayoyanyonya mahindi," Rogathe alimwambia Asheri. Aling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu. Alishtuka. Mwaka uliopita nyanya za jirani zilivimba mizizi zikafa, na bwana shamba aliagiza zing'olewe na kuchomwa moto.

"Tumuulize mwalimu kwanza," Asheri alisema.

"Mpaka tumuulize, ugonjwa utakuwa umemaliza shamba."

Hakwenda shule. Aling'oa maharage mstari baada ya mstari, akayachoma. Mchana Mwalimu Sifael, aliyewafundisha sayansi, alikuja kumtafuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unachoma nini?"

Rogathe alimweleza. Mwalimu aliokota mzizi, akapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Huu si ugonjwa, Rogathe. Humu mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Hata baharini vipo vya namna hiyo, vinalisha mimea ya majini. Mahindi yako yana njaa tu, na maharage haya yangekuachia mbolea ardhini."

Rogathe alitazama majivu. Yalikuwa yamebaki mashina machache tu, karibu na migomba.

Mahindi hayakuzaa, na miezi iliyofuata walikula ndizi za kuchemsha bila maharage wala mboga nyingine. Asheri alivimba miguu, nywele zikageuka rangi, akaacha kucheza. Muuguzi wa zahanati alisema ni utapiamlo. Mama aliporudi, mwenyewe amekonda, Rogathe alimweleza yote bila kuficha. Mama aligeukia ukutani, akalia.

Majirani walileta maziwa, na Asheri akapona polepole. Vuli iliponyesha, walipanda mbegu za mashina yaliyosalia. Wakati wa kuvuna walikata mashina, mizizi wakaiacha udongoni. Masika yaliyofuata, mahindi yalisimama ya kijani.

"Hukuwa mvivu, mwanangu," mama alisema wakipalilia. "Ulitumia nguvu zako zote katika jambo usilolijua, na mdogo wako nusura tumzike. Usipojua, uliza kwanza. Shule ilikuwa hapo juu tu."