Kiti cha Mzee Zadock

Walikutana kwenye gati la Homa Bay mwaka 1965, meli ikishusha abiria. Awino alisukumwa na mtu, kikapu chake cha omena kikamwagikia viatu vya kijana aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri.

"Sasa nitanuka mpaka kanisani," kijana akasema.

"Basi paka wa huko wataokoka," Awino akajibu.

Wakacheka, wakaokota samaki pamoja.

Kijana huyo, Cephas, alikuwa karani wa ushirika wa pamba. Awino alishona nguo katika duka moja la Migori. Babake, Mzee Zadock, alikuwa diwani wa kuteuliwa huko Homa Bay. Kila Ijumaa Cephas alipiga simu dukani.

"Gauni la harusi umeanza, nyar Zadock?" aliuliza, akimwita binti Zadock kwa Kijaluo.

"Lete ng'ombe kwanza, mpenzi."

Mwaka uliofuata mteja mmoja akamwambia Awino kwamba babake hayuko tena barazani. Kiti cha kuteuliwa hakipigiwi kura. Baraza lilipendekeza jina, waziri akalikubali, na jina lilikuwa la Cephas.

Ijumaa simu ilipolia, Awino hakumsalimu.

"Umekalia kiti cha babangu?"

"Awino, hayo siwezi kuyaeleza kwa simu."

"Umekikalia au hukukikalia?"

"Nimekikalia."

Awino akakata simu. Hakupokea simu zake tena, wala hakwenda nyumbani, kwa kuogopa kukutana naye njiani. Safari iliyofuata alikwenda kumzika babake.

Baada ya mazishi mamake alimketisha chumbani. "Babako aliugua, akajua hatapona. Alijiuzulu mwenyewe, akaomba wampendekeze Cephas amalizie zahanati aliyoanza kuijengea kata."

Awino akatoka, akamkuta Cephas uani, suti yake nyeusi imejaa udongo wa kaburi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha, na mamako pia. Hakutaka uache kazi uje kumlilia kitandani."

"Ningekuja."

"Najua."

"Kiti nimekusamehe, Cephas. Lakini ulijua baba anakufa, ukaniacha Migori nashona nguo za watu."

Cephas akainamisha kichwa. "Bado nataka kukuoa."

"Na mimi bado nakupenda," Awino akasema polepole. "Lakini siwezi kulala kando ya mtu aliyemuaga babangu, mimi sikumuaga."

Matanga yalipoisha alirudi Migori.

Zahanati ilifunguliwa mwaka uliofuata. Cephas alilitaja jina la Mzee Zadock mbele ya watu wote. Alitafuta katika umati uso mmoja tu. Mama yake Awino alikuwa amekuja peke yake.