Mkono Aliompa Tantini Hortense

Kila Jumamosi asubuhi, Reine alipiga pasi majoho ya kwaya. Baba yake, Papa Josias, alikuwa fundi cherehani mtaani Nakivubo, na majoho yote ya kwaya ya watoto aliyashona yeye. Basi Reine, msichana wa miaka kumi na miwili, alitia makaa kwenye pasi, akapuliza majivu, akanyoosha kola moja baada ya nyingine mpaka jasho likamchuruzika.

Jumamosi hiyo aliyanyoosha kama anayeyachapa. Mwalimu wao wa kwaya, Hortense, ambaye watoto walimwita Tantini, yaani shangazi, alikuwa amemnyima sehemu ya kuimba peke yake siku ya sikukuu ya kanisa, akampa Benedicte.

"Sauti unayo, mwanangu," Hortense alikuwa amemwambia. "Lakini mazoezi huji. Benedicte anafika wa kwanza, anaondoka wa mwisho."

"Sawa, Tantini," Reine alijibu, midomo imemvimba.

Hortense alikuwa mwimbaji mashuhuri. Nyimbo zake zililia kwenye maduka ya mtaa wa biashara wa Kikuubo tangu milango inapofunguliwa, na wabeba mizigo walizifuatisha kwa miluzi, magunia yakiwa mgongoni. Lakini alikuwa na doa, na kila Mkongo mwenzake wa mtaa wa Mengo alilijua. Miaka minne nyuma, kwenye harusi, alikunywa akalewa, akamtukana mama mkwe wake mbele ya wageni. Mtu mmoja, badala ya kumshika mkono amtoe pale, alitoa simu akapiga video.

Kanisa lao la Mengo lilikuwa na desturi yake. Mtu akikosa anawekwa chini ya nidhamu: anakaa benchi la nyuma kabisa, haimbi, hashiki kitabu cha kwaya. Hortense alikaa benchi hilo mwaka mzima, na umaarufu wake wote. Muda ulipokwisha aliitwa mbele, na kanisa zima, mkubwa kwa mdogo, likapita kumpa mkono. Baada ya mkono, kosa limezikwa. Atakayelifukua, benchi la nyuma ni lake. Reine naye alipita siku hiyo. Alikuwa na miaka tisa, na alikumbuka kwamba kiganja cha Tantini kilikuwa kimelowa.

Lakini hasira ilimsahaulisha. Papa Josias alipotoka kununua nyuzi, Reine alichukua simu aliyoiacha baba yake, akaitafuta ile video ya harusi, akaituma kwenye kundi la wazazi wa kwaya. Kisha akairudisha simu juu ya cherehani, akaendelea kupiga pasi kama malaika.

Hazikupita dakika kumi. Wale wale waliotoa mkono walijaa humo kama nzi kwenye matumbo ya samaki. Wengine walicheka, wengine walisikitika kwa maneno marefu, na wote waliitazama mpaka mwisho. Mama mmoja aliomba itumwe tena, eti kwake haikufunguka vizuri.

Kesho yake, baada ya ibada, mwenyekiti wa kamati, Mzee Mugisho, aliwakusanya wazazi na watoto wa kwaya uani.

"Tunamshukuru ndugu yetu Josias kwa kutufumbua macho," alisema. "Mwanamke wa namna hii hawezi kufundisha watoto wetu."

"Mimi?" Papa Josias alishtuka. "Nimemfumbua macho nani?"

"Video imetoka kwenye simu yako, ndugu. Usione haya."

"Sijatuma kitu! Na hilo bango la sikukuu mlangoni, lenye sura yake kubwa kama sinia, mmelishusha?"

Mzee Mugisho alikohoa. "Aa, wageni wamealikwa kwa jina lake. Ataingia kwa mlango wa nyuma, aimbe, aondoke. Ila watoto, hapana."

Papa Josias alitema mate chini. "Ndiyo ninyi viongozi! Mnamtapika mtu asubuhi, jioni mnamrudia na kijiko."

Hortense alisimama karibu na ukuta, mkoba ameubana kifuani. "Fundi," aliuliza polepole, "hata wewe?"

Reine aliona uso wa baba yake ukipauka. Tangu mama yake Reine afariki, Hortense ndiye aliyemsuka nywele kila sikukuu, bila kuombwa. Reine alijisikia kama aliyelamba kitu cha jalalani.

"Ni mimi," alisema. "Papa hajui. Nimetuma mimi, kwa sababu ya Benedicte."

"Mimi tena?" Benedicte aliruka. "Si ungesema nikuachie huo wimbo!"

"Mtoto ni mtoto," Mzee Mugisho alisema, akipunga mkono. "Aliyetuma si hoja. Ukweli ni ukweli."

"Ukweli wa nani?"

Sauti ilitoka kwenye kiti cha plastiki. Koko Kahambu, kikongwe aliyeitwa bibi na kila mtoto pale, aliinuka akishika kiti. Huyu ndiye mama mkwe wa Hortense, yule yule aliyetukanwa.

"Mugisho, nilitukanwa mimi. Akaja kunipigia magoti nyumbani kwangu, nikamsamehe. Wewe unanidaia kwa niaba ya nani?"

"Koko, sisi kama kamati..."

"Kamati ilimpa mkono, haikumpa? Wewe ulikuwa wa kwanza kwenye mstari, nilikuona, na tabasamu lako!"

"Mwalimu abaki, au bango lishuke leo hii," Papa Josias alisema. "Na majoho narudi nayo nyumbani." Wazazi wengine, wakiona aibu kwa video waliyoitazama, waliitikia. Mzee Mugisho alilitazama bango, akafikiria viti vitupu vya sikukuu, na ghafla akaona kwamba mwalimu anaweza kubaki.

Reine alipewa miezi mitatu kwenye benchi la nyuma. Mzee Mugisho alistahili kukaa pembeni yake, lakini alibaki mbele kwenye kiti chake chenye mto, kama ilivyo kawaida yao. Aliyekuja kukaa na Reine ni Koko Kahambu.

"Sikia, mjukuu wangu," alimnong'oneza. "Kulewa kwake kulikuwa kosa, na tusi lile liliniuma, sikudanganyi. Mtu maarufu akikosa, aadhibiwe kama wengine. Lakini adhabu ikiisha, aachiwe kama wengine. Kumfukulia kosa lile lile kila siku si kupenda haki. Ni uroho wa kutazama uchafu wa mtu."

"Na mimi, Koko?"

"Wewe bado una wiki kumi na mbili. Kaa wima."

Miezi mitatu ilipokwisha, Reine aliitwa mbele. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Hortense. Safari hii kiganja kilicholowa kilikuwa cha Reine.

"Mazoezi Jumamosi saa nane," Tantini alimwambia, akimshika kwa nguvu. "Usichelewe."