Zimwi Lililokosa Njia ya Nyuma

Redio ya Javan iliimba, na haikuwa na betri. Betri zilikuwa juu ya bati zikiota jua, zipate nguvu kidogo, kama kawaida ya mtu asiyetaka kununua mpya.

Ilikuwa alasiri, mtaa wa Langas, Mei 2008. Javan na mkewe Maximilla walikuwa ndio wamerudi nyumbani kutoka kambi ya wakimbizi ya Showground, walikokimbilia Januari vita vya uchaguzi vilipozuka. Wimbo wenyewe ulikuwa ule wa kuchekesha, wa zimwi la matumbo matatu linalomeza nyumba kama andazi. Watoto wa kambini waliuimba hadi ukawa kero.

"Zima," Maximilla akasema.

"Nizime nini? Hiyo kitu haijawashwa."

Ikaja harufu ya mahindi yaliyoungua ghalani. Halafu darini kitu kikavuta pumzi, ndefu, tulivu, pumzi ya mkimbiaji anayepanda mlima bila haraka. Maximilla aliijua pumzi hiyo. Yeye ndiye aliyeitengeneza.

Kule kambini, mwalimu huyu wa bayolojia hakuwa na ubao wala chaki, ila watoto waliolia kila bunduki ikilia. Akawachorea zimwi la wimbo mavumbini. Likimeza bati, nyongo yake ni kali kiasi gani? Damu yake inapanda vipi hadi kwa jicho la mgongoni? Wakalitia mapafu ya wakimbiaji wa Iten, ini kubwa kama gunia, na figo. Walipofika mwisho wa utumbo, wavulana wakaanza kuchekana, na Maximilla, mke wa shemasi, akapafuta kwa kiatu. Mambo ya aibu hayachorwi mbele ya kanisa. Akaruka hadi kwa meno.

Sasa redio iliacha kuimba ikasema, "Hameni. Nina njaa."

Javan shemasi akalikemea kwa jina la Yesu, na kadiri alivyokemea ndivyo dari ilivyoshuka na kuta kutoa jasho jeusi la masizi, na lile zimwi likamfuatisha maombi yake kwa mlio wa puani, kwa sauti ya pili, tamu kuliko kwaya yao yote, mpaka akasahau anaomba nini.

Mama Kiprotich, jirani aliyewafichia makochi wakati wa vita, alikuwa amefika na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, akasikia yote.

"Mwalimu, twendeni kwangu," akanong'ona. "Hii ni nyumba tu."

"Mama, Januari niliambiwa nihame na watu wenye mishale, nikahama. Leo niambiwe na kitu nimekipa figo mimi mwenyewe?" Maximilla akainua uso darini. "Wewe. Unaumwa wapi?"

Redio ikajibu kwa sauti ndogo, "Kote."

"Umekula tangu lini?"

"Januari."

"Na choo je?"

Pumzi ikakatika. Javan akakohoa kwa adabu.

Maximilla akachukua kipande cha mkaa jikoni akachora ukutani matumbo matatu, utumbo, na mwishoni, shemasi akitazama, tundu. Akalifanya kubwa, asije akarudia. Nyumba ikaguna kama ng'ombe anayezaa, msumari kwa msumari, na huko nyuma ya nyumba kitu kikaanza kumwagika, sufuria na magodoro na cherehani na mabati yaliyojikunja na viatu vya mguu mmoja mmoja, vyote vimeungua, vyote bado moto, mpaka pumzi ile ikawa nyembamba kama mluzi, ikapita juu ya viazi vya jirani, ikapotea.

Majirani wakaja kuokota vyao. Mmoja alikumbatia cherehani akaenda nayo.

Ulibaki mlango mmoja usio na mwenyewe, wa buluu, umeungua nusu, na mkwaruzo wa usukani wa baiskeli chini ya kitasa. Javan akageuka kutazama mlango wao. Ulikuwa palepale kwenye bawaba, buluu, mzima, na mkwaruzo uleule.

"Hiyo ni ya uchaguzi unaokuja," Mama Kiprotich akasema polepole. "Limeanza kula mapema. Mwalimu, hameni."

Maximilla akaulaza chini ule mlango ulioungua.

"Baba, lete shoka," akamwambia mumewe.

Akaupasua mwenyewe kuwa kuni. Walipikia ugali, wakala na mursik, wote watatu, na mlango mzima waliuacha wazi.